Heko kwa Wapima Damu ya Mbuzi

Mbuzi wa Malta walionekana wazima kabisa. Walipitishwa mlango kwa mlango, wakakamuliwa mbele ya mteja, nani angewashuku? Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aliwapata bakteria katika wengu za askari waliouawa na homa ya kuja na kuondoka. Walikotoka, hakujua. Ikapita miaka 18 ndipo Themistocles Zammit, mwana wa kisiwa hicho, alipopima damu ya mbuzi na kuukuta ugonjwa humo. Askari walipokatazwa maziwa mabichi mwaka 1906, homa ikapungua ghafla kambini. Raia waliendelea kunywa, wakaendelea kuugua.

Ugonjwa huo, brusela, haujatuacha. Mfugaji hutokwa jasho usiku, viungo vikamuuma, akameza dawa za malaria isiyokuwepo, kumbe aliupata alipomzalisha mbuzi kwa mikono mitupu.

Kwa hiyo nawavulia kofia watafiti wa mifugo, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kipimo chao cha kwanza ni rahisi hata kuchekesha: tone la seramu, tone la antijeni yenye rangi ya waridi, tikisa dakika 4, tazama kama chembe zinagandana. Kazi ngumu ni kuwaotesha bakteria wenyewe. Hukua polepole, na huingia mwilini kwa pumzi. Wapo wataalamu wengi duniani waliougua brusela maabarani. Wenzao bado huvaa barakoa na kurudi mezani.