Mgongo wa Pambo: Kupima Vito vya Kale vya Mtindo wa Kimisri

Mapambo mengi yanayoitwa ya Kimisri katika maduka ya vitu vya kale hayakutoka zama za Mafarao, bali yalifanywa na masonara wa Ulaya, hasa baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869 na tena baada ya Howard Carter kulifikia kaburi la Tutankhamun mwaka 1922. Kwa hiyo anayeyapima hana budi kuuliza kwanza yamefanywaje, ndipo aulize umri.

Aanze na skarabu, yaani sanamu ndogo ya mbawakawa anayeviringisha kinyesi, ambaye Wamisri walimhusisha na jua linalochomoza. Mchongaji stadi hutenganisha kichwa na kifua, hupitisha mstari kati ya mabawa na kuionyesha miguu ubavuni, ilhali skarabu hafifu hufanana na punje ya haragwe iliyokwaruzwa mara mbili tatu.

Katika mawe, lapisi lazuli, jiwe la buluu iliyokolea ambalo tangu kale limechimbwa Badakhshan nchini Afghanistan, aghalabu huwa na vichembe vya pairiti vinavyometa kama dhahabu, navyo hutawanyika ovyo, bila mpango. Feruzi iliyogeuka kijani isikataliwe upesi, kwa kuwa jiwe hilo hunywa mafuta ya ngozi ya mvaaji. Kioo nacho kisidharauliwe: mistari ya buluu ya kilemba katika kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun ni kioo, na skarabu ya manjano iliyo katikati ya kidani chake mashuhuri ni kioo cha asili kutoka Jangwa la Libya. Kosa ni kukiuza kioo kwa bei ya jiwe.

Ufundi hasa umo katika dhahabu. Wamisri walisimamisha vikuta vyembamba vya dhahabu na kupachika katikati yake vipande vya mawe vilivyokatwa kwa kipimo cha kila chumba. Masonara wa Ulaya mara nyingi walijaza enameli, yaani unga wa kioo ulioyeyushwa kwa moto. Chini ya lenzi, pengo lililozibwa baadaye kwa gundi ya rangi hufifia na kukwaruzika kando ya enameli ya awali inayong'aa.

Hatimaye pambo lilazwe kifudifudi. Palipobandikwa pini mpya kwa lehemu ya risasi, ile ya kijivu, bei ishuke sana, kwa maana risasi hiyo hupenya katika dhahabu ikipashwa moto, na moto wa kuirekebisha huipasua enameli iliyo upande wa pili.