Khanga Njema kwa Mfuko Mwepesi

Khanga ndiyo kazi ya sanaa pekee inayopatikana karibu kila nyumba ya huku kwetu Nkololo. Nyumba nyingi hazina picha ukutani, wala kitabu zaidi ya vile vya shule na vya sala, lakini kamba ya uani haikosi upande wa khanga ulioanikwa ukauke. Ajabu yake ni kwamba kazi iliyoenea hivi haina wahakiki. Ngoma tunaihakiki: mfuasi wa Bagika atakesha akikueleza kwa nini Bagalu hawajui kucheza, na Mgalu naye atajibu mpaka jogoo awike. Ng'ombe tunamhakiki kwa pembe, kwa nundu na kwa mwendo. Khanga tunainunua tu, tunalipa, tunaondoka. Nadhani hiyo ndiyo sababu tunauziwa vitambaa vya kuchujia togwa.

Mwaka huu jambo hili lilinibana kwa sababu ya harusi ya binti wa marehemu dada yangu. Mimi ni mjomba, na mjomba haendi harusini mikono mitupu. Nilitakiwa kutoa khanga kwa watu watatu: bibi harusi mwenyewe, mama yangu mzazi aliyemlea binti huyo tangu dada alipofariki, na mama wa bwana harusi. Fedha ya pamba ilikuwa imekwisha kulipa dawa na mbegu, na iliyobaki ilitosha doti tatu mbovu au doti mbili njema. Basi nililazimika kujiuliza kwa dhati khanga njema ni ipi, swali ambalo mtu mwenye fedha haoni haja ya kujiuliza.

Tuanze na nguo yenyewe, kwani jina tamu haliwezi kuokoa kitambaa kibaya. Doti ni pande mbili zilizochapwa mfululizo, kila upande una urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa 110 hivi. Neno "hivi" ndimo wizi unamojificha. Pima kwa mkono wako kabla ya kulipa, maana upande uliopunjwa kiganja kimoja haumfungi mama mwenye mwili, na khanga isiyomfunga mtu kiunoni ni kitambaa cha mezani. Halafu ikunjue yote, uinue kuelekea jua. Nyuzi zilizosukwa kwa kubanana huzuia mwanga. Zilizoachana hukuonyesha uso wa mchuuzi upande wa pili. Isugue kati ya vidole. Ikiwa unga mweupe unadondoka, ujue uzito uliousikia mkononi ulikuwa wanga, nao utaondoka na maji ya kwanza, uachiwe wavu.

Kuna kipimo cha moto pia. Chomoa uzi mmoja pembeni, uuwashe. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Mchuuzi mwaminifu atakuazima kiberiti. Mmoja mnadani aliniambia, "Mwalimu, unanunua au unachoma?" nikamjibu kwamba nachoma ili nijue kama nitanunua. Wenzangu walicheka, lakini wawili wao waliomba kiberiti.

Hapa sina budi kutaja jambo linaloniuma. Sisi tunalima pamba. Mkoa huu wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ni miongoni mwa walimaji wakubwa wa pamba nchini, na mbegu zetu zimetokana na utafiti wa Ukiriguru tangu enzi za mkoloni. Wazee wetu walijiunga katika vyama vya ushirika miaka ya 1950, wakati wa akina Paul Bomani, ili mizani isiwaibie. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, na vile vya Mwatex Mwanza na Mutex Musoma vilipofuata, tuliamini kwamba pamba yetu itarudi kwetu ikiwa nguo. Ilirudi kwa muda. Kisha viwanda vilidorora, mitumba ikaingia, na leo sehemu kubwa ya pamba ya nchi huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Mkulima wa Nkololo anapouza pamba safi na kununua khanga ya poliesta, amebadilisha maziwa kwa maji ya chaki, na amelipia nauli ya safari zote mbili.

Lakini sitaki kuwalaumu wanunuzi wa kitambaa cha mchanganyiko. Kinakauka upesi, hakikunjamani, na rangi yake haipauki mapema. Kwa mama anayebeba mtoto mgongoni katika jua la mwezi wa kumi, hata hivyo, hakinywi jasho, na mtoto hutoka vipele. Huo ndio uhakiki wa kwanza wa khanga, na watoto wachanga ndio wahakiki wake.

Baada ya nguo ndipo tuitazame sanaa. Khanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Inasimuliwa kwamba ilizaliwa pwani katika karne ya 19, pale wanawake walipoanza kununua leso zikiwa hazijakatwa na kuziunga ziwe nguo moja pana. Na jina la khanga huhusishwa na yule ndege kanga mwenye madoa. Maneno ya Kiswahili yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Wengi humtaja mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, kuwa ndiye aliyeyaanzisha. Duka lake lilianza mwaka 1887, na khanga zenye chapa ya "Mali ya Abdulla" zinasakwa hadi leo.

Kwa maoni yangu, khanga njema ni ile ambayo vitu hivi vitatu vinazungumza bila kurudiana. Mji ukichora kuku na jina likataja kuku, mchoraji amekuwa mvivu. Mji ukiwa na sura ya mtu mkubwa, kama zile za Barack Obama zilizotoka mwaka 2008, hiyo ni bango lenye pindo. Inafaa kumbukumbu, haifai kufungwa kiunoni, kwa sababu hakuna namna ya kukalia sura ya rais kwa heshima. Tazama pia kama rangi zimekaa mahali pake. Uchapaji wa haraka huacha ukingo mweupe kati ya nyekundu na nyeusi, au hupandisha rangi moja juu ya nyingine, na ua linaonekana kama lina kivuli cha ulevi. Kosa hilo halipungui kwa kufua.

Jina ndilo lenye hatari kuliko vyote, hasa kwetu Wasukuma. Mama zetu wengi wa umri mkubwa huongea Kisukuma, na wengi hawakupata kusoma. Huchagua khanga kwa rangi, halafu hutembea na maneno wasiyoyajua. Nimewahi kumwona mama mtu mzima, mcha Mungu, amejifunga mgongoni kijembe kikali cha kumsuta mke mwenza, ilhali mke mwenza hana wala hajapata kuwa naye. Kijiji kizima kilisoma, yeye hakusoma. Mwanamke wa pwani hununua jina kwanza na nguo baadaye; huku tunanunua kinyume. Anayetoa khanga kwa asiyesoma amebeba dhamana ya kumsomea kabla ya kumkabidhi, na kama anaona haya kulisoma jina kwa sauti mbele za watu, basi asilinunue.

Nilikataa doti tatu mbovu. Nilinunua mbili za pamba, nikapewa punguzo dogo kwa sababu moja ilikuwa ya shehena ya mwaka uliopita. Tena hilo nalitaja kwa faida ya wenye mfuko kama wangu, kwamba khanga haiozi kwa kupitwa na mwaka. Wanawake wa mjini hukimbilia jina jipya, na lile la zamani hushuka bei likiwa na nguo ile ile. Moja ilikuwa na jina "Mgeni njoo mwenyeji apone". Hiyo niliitoa nzima kwa mama wa bwana harusi, maana mkwe hapewi nusu.

Ya pili, "Damu nzito kuliko maji", niliipeleka kwa fundi cherehani aikate na kuipinda, nikaigawa: upande mmoja kwa bibi harusi, upande mwingine kwa bibi yake. Wapo jamaa walionong'ona kwamba mjomba ametoa nusu doti. Wanaojua khanga wanajua kwamba kugawana doti ni jambo la mashoga wa chanda na pete, na kwamba wawili hao, ambao mmoja alikuwa anakwenda mbali, wangekuwa na maneno yale yale kila mmoja kwake.

Nilimsomea mama jina kwa Kiswahili, kisha nikamfasiria. Akanyamaza kidogo, akalirudia kwa Kisukuma kwa maneno yaliyo mazuri kuliko yangu. Halafu akaweka kidole kwenye mji, penye zile korosho kubwa ambazo wachoraji wa khanga hawachoki kuzichora, akaniuliza ni kitu gani. Nikamweleza kwamba ni tunda la pwani.

"Hapana, baba," akasema. "Hii ni figo ya ng'ombe."