L'Eco di Bergamo: Mwangwi ao Sauti?

Katika kurasa hizi tumezoea kupima vitabu. Leo tunataka kupima gazeti moja la mbali, L'Eco di Bergamo, gazeti la kila siku la diosezi ya Bergamo, kaskazini mwa Italia. Namba yake ya kwanza ilitoka tarehe 1 Mei 1880.

Pengine mmoja wenu atauliza: Bergamo na sisi wa Kongo tuna jambo gani? Jina hilo si geni kwetu. Kunako mwaka 1995, ugonjwa wa Ebola ulipoingia Kikwit, masista sita wa Shirika la Poverelle la Bergamo walikufa katika kuwauguza wagonjwa. Tena Papa Yohane XXIII alikuwa mtoto wa diosezi ile. Alizaliwa Sotto il Monte mwaka 1881, mwaka mmoja nyuma ya gazeti.

Lakini sababu yetu kubwa ni nyingine. Neno eco maana yake ni mwangwi, ile sauti inayoturudia tukiita mbele ya mlima. Mwangwi hauna neno lake mwenyewe. Hurudisha tu neno la yule aliyeita. Basi ulizo letu ni hili: gazeti la Eklezia ni mwangwi wa wakubwa, ao lina sauti yake?

Tukumbuke kwanza hali ya nyakati zile. Tarehe 20 Septemba 1870 waaskari wa mfalme wa Italia waliingia Roma, na Papa akapoteza utawala wa inchi yake. Nyuma ya hayo, wakatoliki wakakatazwa kuchagua wajumbe wa Bunge na kuchaguliwa pia. Walikuwa wengi katika inchi, lakini katika Bunge hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Ndipo walei wa Bergamo, na kati yao mwalimu Nicolò Rezzara, wakatafuta njia nyingine ya kusikiwa. Tuangalie vizuri: walei ndio waliotangulia kazi hii. Hawakungoja padri awaandikie kila kitu.

Jambo la kusifu ni kwamba gazeti lile halikuishi kwa maneno matupu. Rezzara yuleyule alishughulika na vyama vya kusaidiana, na mwaka 1891 akaanzisha benki ndogo, Piccolo Credito Bergamasco, kusudi watu wadogo wapate mkopo bila kunyonywa na wenye riba. Mwaka 1909 wafanyakazi wa kiwanda cha pamba cha Ranica, karibu na mji, walisimamisha kazi kwa kutetea haki yao ya kuwa na sendika. Askofu Radini Tedeschi alitoa feza kuwasaidia, naye akalaumiwa kwa ajili hiyo. Katibu wake alikuwa padri kijana, Angelo Roncalli, yule aliyekuja kuwa Papa Yohane XXIII. Hivi msomaji wa Bergamo aliyesoma habari ya haki aliweza pia kuona kwa macho yake watu wanaoitafuta. Gazeti lisilo na kazi kama hizo pembeni yake hugeuka upesi kuwa hotuba, na watu huchoka na hotuba.

Sasa tuseme na yale yasiyopendeza, maana kupima si kusifu tu.

Mussolini alipolishika taifa, sheria zake ziliyafunga mabaya na mema pamoja. Magazeti mengi ya upinzani yalikufa katika miaka ya 1925 na 1926. Yale yaliyoendelea yalipokea maagizo ya serikali: habari hii iandikwe, ile inyamazwe. L'Eco di Bergamo ni moja la yale yaliyoendelea. Hatutaki kuwahukumu kwa wepesi watu walioishi chini ya fimbo. Gazeti likifungwa, wakristu wanabaki na sauti ya serikali peke yake. Lakini likibaki kwa kunyamaza, je, limebaki kweli? Katika miaka ile jina la mwangwi lililifaa kupita ilivyotakiwa.

Mwaka 1938 padri Andrea Spada alifanywa mwandishi mkuu. Alikaa katika kiti hicho mpaka mwaka 1989, miaka 51. Alianza kabla ya vita vikubwa, akapita vita, Konsilio na mapapa sita. Kudumu hivi kuna faida kubwa: watu walijua ni nani anayewaandikia. Lakini kuna hatari pia. Nyuma ya vita chama cha Demokrasia ya Kikristu kilitawala Italia miaka mingi, na gazeti lilisimama karibu nacho. Anayekula sahani moja na mkubwa huona shida kumwambia kwamba mikono yake ni michafu. Sisi tunaona kwamba miaka 51 ni mingi kwa mtu mmoja, hata akiwa mwema na mwenye akili nyingi.

Halafu ukaja mwaka 2020, na hapo gazeti likajibu ulizo letu.

Ugonjwa wa korona uliipiga Bergamo kupita karibu miji yote ya Italia. Tangu zamani wasomaji wa gazeti hili hutazama upesi kurasa za matangazo ya vifo, zenye picha na jina la kila marehemu. Tarehe 9 Februari kurasa hizo zilikuwa moja na nusu. Tarehe 13 Machi zilikuwa kumi. Hakukuwa na matanga wala kusanyiko la maziko; kwa jamaa nyingi jina katika gazeti ndilo lililobaki la kumwaga marehemu.

Wandishi hawakuishia kupokea matangazo. Waliona kwamba hesabu ya serikali hailingani na majina yaliyowafikia mezani. Basi, pamoja na wataalamu wa hesabu, wakaziuliza biro za miji na vijiji, mmoja mmoja: kwenu wamekufa wangapi? Jibu likatoka mwanzo wa Aprili. Katika mwezi wa Machi peke yake jimbo lilipoteza watu zaidi ya 5.400, na karibu 4.500 kati yao waliuawa na korona. Mwaka uliotangulia, mwezi uleule, walikufa karibu 900. Lakini hesabu ya serikali ya waliokufa kwa ugonjwa ule ilikuwa 2.060 tu.

Huo haukuwa mwangwi tena. Mkubwa alisema 2.060, mlima ukarudisha 4.500.

Kwa maoni yetu, kazi ile ya mwaka 2020 inapita sifa nyingine zote za gazeti hili, na haikuhitaji maneno makali hata moja. Ilihitaji watu wanaojua vijiji vyao, wanaopokea jina la kila maiti kama jina la mtu, na wanaokubali kuhesabu mpaka mwisho.

Ndugu katekista, wewe unayeandika ubatizo na vifo katika kitabu cha parokia, usidharau daftari lako. Nawe mseminari unayetamani kuandika, usianze na hotuba. Anza kwa kujua ni nani aliyekufa katika mtaa wako, na sababu gani. Siku moja mtu atatangaza hesabu isiyo ya kweli, nanyi mtakuwa na majina.