Tumbo Lipi?
Majuzi hapa Kaptembwo, Nakuru, kijana mmoja alinionyesha kwenye tarakilishi mchoro wake wa ndani ya mwili wa mwanamke mweusi. Anamfuata Mnaijeria Chidiebere Ibe, ambaye mchoro wake wa kijusi cheusi ulienea mitandaoni 2021. Rangi nimezipenda, ini linang'aa kama la buchani. Ila majina, jamani! Mfuko wa chakula kauandika 'tumbo', mji wa mimba pia 'tumbo'. Kweli, mtaani twasema 'tumbo inauma', basi. Lakini mchoro umefungua ngozi ili kutenganisha viungo. Mbona majina yavichanganye tena? Mjamzito akionyeshwa picha hii kliniki, ataonyesha anapoumwa ni wapi? Kongosho hakuliandika, eti hakulijua jina. Nikamwandikia. Akauliza kama bandama ndiyo wengu. Ndiyo.