Pwani Isiyo na Majira

Yapo maandishi kuhusu pwani yetu ambayo husomwa na watu wengi kuliko diwani zetu zote zikijumlishwa pamoja, na wahakiki wetu hawayagusi. Nakusudia ule ukurasa wa kalenda uliomo ndani ya vitabu vya mwongozo na vipeperushi vya utalii, unaomwambia mgeni aje mwezi gani, aanze na mbuga ipi, na amalizie ufukwe upi. Ni utanzu kamili, una kanuni zake na mapambo yake, na una namna yake ya kuyataja mambo na kuyanyamazia mengine. Lau ungebaki mikononi mwa mgeni tu, tusingekuwa na la kusema. Lakini umekwisha kuingia katika mashairi yetu, na humo ndimo unamotuhusu.

Tuanze kwa kuutendea haki. Sehemu yake inayozungumzia bara ni nzuri, na mara nyingi ni ya kweli. Unasema kuwa nyumbu huzaa katika nyanda za Ndutu baina ya Januari na Machi, Februari khasa, wakati majani mafupi ya huko yamechipua. Kuwa makundi yao huuvuka Mto Mara baina ya Julai na Oktoba. Kuwa ndovu wa Tarangire hukusanyika kandokando ya mto katika miezi mikavu, kuanzia Juni, kwa kuwa maji kwengine yamekauka. Hapo msomaji anaona sababu na matokeo: mvua, majani, mnyama, na mnyama mwengine anayemfuata yule wa kwanza kwa meno. Mwandishi wa ukurasa huo anajua kuwa mahali hubadilika na kwamba ajaye Mei hataona alichokiona ajaye Septemba.

Kisha anafika pwani, na ghafla wakati unasimama. Baada ya siku sita au saba za vumbi, mgeni anaahidiwa siku tatu au nne za "kupumzika" Unguja, na Unguja hiyo ni ileile mwaka mzima: maji ya rangi moja, mchanga mweupe, mnazi ulioinama, ngalawa iliyotia nanga bila ya mtu ndani yake. Kwa lugha ya utunzi, bara ndiyo beti na pwani ni kibwagizo. Beti hubadilika, kibwagizo hurudi vilevile. Simba ana mwezi wake, lakini mvuvi hana.

Ajabu ni kwamba neno lenyewe linalotumika kuipanga safari hiyo lilizaliwa baharini. Msimu ni neno tulilolipata kwa Waarabu, mawsim, na Wareno walilichukua katika bahari hii hii wakaliita monção, ndipo Waingereza nao wakapata jina la pepo zetu. Msimu ulikuwa wakati wa upepo, na kwa hivyo wakati wa safari na soko. Leo tunaambiwa kuna msimu wa juu na msimu wa chini, na kilicho juu au chini ni bei ya chumba. Masika nayo imepewa jina jipya: "msimu wa kijani". Wahenga walisema hakuna masika yasiyo na mbu; ukurasa wa kalenda umeyapata hayo yasiyo na mbu, wala tope, wala mahoteli ya pwani ya mashariki yanayofunga milango Aprili na Mei na kuwarudisha wafanyakazi makwao hadi wageni watakaporejea. Kijani ni rangi. Masika ni wakati, na ndani ya wakati mna watu.

Mtu akitaka kuipanga safari ya bara na pwani kwa majira ya wenyeji, angepanga vyengine kabisa, na pengine vizuri zaidi. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi hivi. Ni upepo wa joto, bahari yake aghalabu ni tulivu, na ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Ajaye wakati huo atawakuta nyumbu wanazaa Ndutu, na akiteremka Mafia mapema atawawahi papa potwe, wanaoonekana huko tokea Oktoba hadi Februari. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, nalo hufanyika Februari. Wakusudie wasikusudie, walioliasisi wameliweka katika mwezi uleule ambao mji ulikuwa ukijaa mabaharia wanaosubiri upepo ugeuke.

Kusi hushika baada ya masika. Juni na Julai likiwa kali, bahari ya kuelekea Arabuni ilikuwa haiendeki, na nahodha aliyechelewa kuondoka kabla yake alijua kuwa atakaa. Huku kwetu ndiyo kipupwe, baridi ya asubuhi ambayo mgeni hakuambiwa aichukulie nguo. Ukurasa wa kalenda unakiita kipindi hiki "kikavu", na ni kweli mvua ni chache. Lakini ukavu ni habari ya ardhi, na atakaye bahari huuliza upepo. Makunduchi, Jambiani na Paje hulipokea kusi kifuani. Kendwa imekingwa na kisiwa chenyewe. Wale vijana wanaoteleza juu ya maji kwa ubao huku wakivutwa na tiara wanalijua hilo kuliko waandishi wa vitabu, na hulifuata kusi Paje kwa makusudi. Mwengine aliyetaka maji yaliyolala kama sahani hurudi kwao akilalamika kuwa amedanganywa. Hakudanganywa, ila alisomewa majira ya Serengeti akadhani ni ya Jambiani.

Na kuna demani, mwisho wa kusi, upepo ulipolegea na mvua za vuli hazijaanza. Septemba na mwanzo wa Oktoba bara bado ni kavu, nyumbu wako Mara, na bahari imekwisha kutulia. Ningeulizwa na mgeni, ningemtajia demani. Ni neno moja, na hufanya kazi ambayo jedwali zima la miezi kumi na miwili haliwezi kuifanya.

Hata hivyo miezi yenyewe haitoshi, maana ufukwe hufuata mwezi wa mbinguni. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji yakijaa na yakipwa hukaribia mita 4, na pwani ya mashariki maji hukimbia mpaka kwenye mwamba. Siku za maji mafu bahari husogea kidogo tu. Mgeni aliyepiga picha ya mchanga mtupu wa bamvua huiona kama bahari iliyoharibika. Kwa mwanamke wa Paje hiyo ndiyo saa ya kazi: kilimo cha mwani, kilichoanza huko kama biashara mwaka 1989, hutegemea kupwa kwa bamvua, kwani ndipo kamba na vigingi vinapofikika kwa miguu. Joto la maji limeongezeka kiasi cha kuufisha ule mwani wa bei nzuri katika maji mafupi, na wengine wamelazimika kuufuata kwenye kina. Huyo naye anaishi ndani ya kibwagizo.

Sasa turudi kwa washairi. Katika tungo za bahari zinazoandikwa siku hizi, na nyingi ni za vijana wenye sikio zuri la mizani, nimekuwa nikitafuta upepo. Haupo. Ipo bahari shwari, upo mchanga mweupe, lipo jua linalozama. Yaani upo ukurasa wa kipeperushi uliotiwa vina. Mtunzi amezaliwa hatua chache kutoka majini, lakini anaitazama bahari kutokea kiti cha hoteli. Na pale upepo unapotajwa, mambo huwa mabaya zaidi. Jahazi la mpenzi hupelekwa Maskati kwa kaskazi, jambo ambalo hata mtoto wa Forodhani wa zamani angelicheka, kwani kaskazi hutoka huko huko. Msafiri hungojwa "miezi yote", hali ya kuwa uchungu wa kungoja katika ushairi wa pwani ulikuwa na hesabu: kusi likishika bila ya yeye kuonekana, si wa mwaka huu tena. Ukiiondoa hesabu hiyo, kungoja kunakuwa ni kuugua tu.

Hasara ya pili ni ya usomaji, na hii hutukia madarasani. Mwanafunzi anayekutana na neno kaskazi katika ushairi wa kale huelewa upande wa ramani. Hajakosea kabisa, ila ameligeuza. Upepo ndio uliotangulia, na upande ukaitwa kwa jina lake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, aliwatungia watu ambao riziki na vita vyao vilipangwa na pepo hizo. Tungo zake zilipochapishwa kama diwani mwaka 1940, wasomaji wengi wa pwani walikuwa bado wanajua ni mwezi gani jahazi hutweka tanga. Sisi tunazisoma kama kwamba zimetungwa ndani ya chumba. Maelezo ya pembeni ya vitabu vya shule hufafanua msamiati wa Kiarabu kwa bidii, na kupuuza tanga mbili, kile kipindi baina ya pepo mbili ambapo chombo huweza kwenda na kurudi.

Atakuja mtu aseme kuwa boti sasa zina mashine, na majahazi ya Ghuba hayaji tena kwa tanga. Kwa nini mshairi abebeshwe majina ya upepo uliokwisha kazi? Hoja hii ina uzito, na mimi sitaki mashairi ya makumbusho. Lakini kazi ya upepo haijesha. Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki 2021, aliita diwani yake ya 1994 *Kimbunga*, na fumbo la jina hilo lina nguvu kwa sababu kimbunga kwetu si desturi. Unguja inakikumbuka cha Aprili 1872, kilichoangusha mikarafuu karibu yote; Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Ili kujua kuwa jambo si la kawaida, lazima kawaida iwe na jina. Anayejua masika kuwa ni masika ndiye awezaye kuandika kuwa imechelewa.

Makunduchi bado wanahesabu. Mwaka Kogwa wao wa Julai umetiwa katika kalenda za wageni kama tamasha la kutazamwa, watu wakipigana kwa migomba na kibanda kikichomwa moto. Kinachoachwa ni kwamba siku hiyo hufungua mwaka wa Nairuzi, mwaka wa siku 365 uliogawanywa katika makumi, yaani miongo, ambao wakulima na wavuvi waliutumia kujua wakati wa kupanda na wa kwenda baharini. Ni kalenda ya safari iliyotungwa na watu wasioondoka.

Kwa hivyo zipo mada ambazo zinamsubiri mtunzi. Shairi la mhudumu wa hoteli anayepanda daladala Aprili, begi mapajani, mvua ikipiga kioo, sijapata kulisoma. Wala la mama wa mwani katika bamvua la kipupwe, akiingia majini asubuhi huku mgeni amelala. Na anayetaka mapenzi, basi ampeleke mpenzi wake Maskati, lakini kwa kusi.