Mchoro Haulowi

Barabara itokayo Moshi mjini kuelekea Himo hupita Kiboriloni. Msafiri anayeipita, iwapo ataacha kidogo kukitazama kilele cha Kibo na kuzitazama kuta na mapaa, atasoma historia ya ujenzi wa Uchagani kwa muda mfupi tu. Mapaa ni ya bati: mapya yanametameta, ya kale yamekula kutu hadi yakafanana na udongo. Kuta ni za matofali ya saruji, nyingine zimepigwa lipu, nyingine zinangoja lipu kwa mwaka wa kumi. Hapa na pale, nyuma ya migomba, umesalia ukuta wa fito na udongo, na mwenyewe huusemea kwa kuomba radhi, kana kwamba mgeni amemkuta na nguo za shamba.

Radhi hiyo ndiyo mada ya makala haya. Kwa miaka kadhaa sasa wanafunzi wa usanifu majengo, katika vyuo vya Afrika na vya mbali, wamekuwa wakiitwa katika mashindano ya kubuni nyumba kwa vifaa vya asili: udongo, mianzi, mawe, majani. Mashindano hayo husifiwa sana, na sifa nyingine zina haki yake. Lakini mshairi anajua kwamba kusifu bahari si sawa na kuivuka. Yafaa mashindano haya yapimwe kama tunavyopima diwani: yanasema nini, yanamsemea nani, na yananyamaza wapi.

Suala lenyewe si jipya. Mwaka 1977, Mwalimu Julius Nyerere alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliwalaumu Watanzania kwa kuipenda saruji na bati kupita kiasi. Hoja yake ilikuwa kwamba saruji nayo asili yake ni udongo, ila huo umepewa heshima ya Uzungu. Kwa hiyo mtu huikataa nyumba ya matofali ya kuchoma na vigae, akakaa miaka akingojea bati. Aliuona huo kuwa ugonjwa wa fikra. Miaka imepita, na mgonjwa hakupona. Bali ameongeza ghorofa.

Kuna kejeli ambayo wakazi wa Kiboriloni wameikaribia kuliko wengine. Barabara hiyo hiyo, ikishapita Himo, hufika Holili mpakani. Huko huchimbwa majivu ya kale ya volkano, yaitwayo pozolana, ambayo viwanda vya saruji, vikiwamo vya ng’ambo ya mpaka nchini Kenya, huyasaga pamoja na mawe yaliyochomwa ili kupata saruji. Yaani ule udongo wa Uzunguni, ambao mtu wa mteremkoni huununua kwa mfuko na kuustahi kuliko udongo wa kihamba chake, una chembe za ardhi ya jirani yake. Umeondoka bila jina ukarudi na jina.

Sasa tuyatazame mashindano. Mwaka 2014, taasisi ya Nka iliwaita wanafunzi na wahitimu wapya wa usanifu wabuni nyumba ya udongo ya familia moja kwa ajili ya mkoa wa Ashanti, Ghana. Kiwanja kilikuwa cha futi 60 kwa 60, na gharama ya vifaa na kazi isizidi dola 6,000 za Marekani. Shabaha ilitajwa waziwazi: kuiondoa dhana kwamba nyumba ya udongo ni ya maskini. Nchini Senegal, shirika la Balouo Salo huendesha shindano la Kaira Looro kwa wanafunzi na wasanifu vijana, nalo hutilia mkazo vifaa vinavyopatikana mahali pa ujenzi. Mifano mingine ni mingi, na wito wake hufanana kama beti za utenzi mmoja.

Jambo jema la kwanza katika mashindano haya ni kwamba yanaweka mipaka. Mpenzi wa mashairi ya arudhi hahitaji kufafanuliwa faida ya mpaka. Anayeambiwa atunge kwa mizani minane na minane hulazimika kuyachambua maneno, ayapime, ayageuze, hadi akute neno ambalo katika ulegevu asingelikuta. Vivyo hivyo kijana aliyezoea kuchora lolote, kwa imani kwamba zege na nondo zitalibeba, akiambiwa atumie udongo tu hujifunza upya uzito ni nini, na kwa nini ukuta uwe mnene chini, na mlango usiwe mpana mno. Hayo ni mafunzo makubwa.

Ila kuna tofauti moja, nayo ndiyo kasoro ya mashindano mengi. Mizani ya shairi imo ndani ya shairi lenyewe. Likipungua silabi, sikio hulishitaki papo hapo. Mizani ya udongo haimo ndani ya mchoro. Karatasi haina uzito wa ukuta, na mvua iliyochorwa hailowanishi kitu. Jopo la majaji hupewa picha yenye jua la alasiri, watoto wanaocheka, na ukuta mwekundu usio na ufa. Humtunza yule aliyechora vizuri zaidi, nao hudhani wamemtunza aliyekielewa kifaa. Ni sawa na kumpa mtu tuzo ya ushairi kwa uzuri wa mwandiko wake.

Watu wa pwani wana shahidi wao katika jambo hili. Vyumba vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na vya Lamu vilevile, ni virefu na vyembamba. Upana wake aghalabu hauzidi mita tatu. Hakuna mchoraji aliyekaa akaupenda wembamba huo kwa uzuri wake. Uliamuliwa na boriti ya mkoko, ambayo haiwezi kubeba dari ya mawe na chokaa kwa upana zaidi ya hapo. Umbo la chumba, mpangilio wa vitanda, madaka ukutani, hata namna ya wageni kukaa kwa safu, vyote vilitokana na urefu wa mti uliokatwa mikokoni. Hapo kifaa hakikuchaguliwa ili kupamba wazo; kifaa ndicho kilichozaa wazo.

Uchagani napo palikuwa na nyumba ya namna hiyo. Msonge wa kale ulikuwa na mifupa ya miti na fito zilizopindwa na kufungwa, ukaezekwa kwa nyasi na majani makavu ya migomba hadi kukaribia ardhi. Watu na mifugo walilala chini ya paa moja. Joto la ng’ombe liliwafaa watu katika baridi ya mlimani. Samadi ilirudi kwenye mgomba. Mgomba ukatoa chakula, mbege na majani ya kuezekea. Moshi wa jiko ulipanda taratibu katika paa, ukawafukuza wadudu na kuihifadhi miti isiliwe. Mtu akiutoa moshi huo ili nyumba iwe safi, paa huoza. Akiwatoa ng’ombe, nyumba hupoa. Kila kifaa kilikuwa kimeshikana na kingine kama vina vya kati na vya mwisho, na kukitoa kimoja ni kulivunja shairi zima.

Kwa nini basi watu waliiacha? Hapa ndipo mashindano mengi hunyamaza, na kimya chake ni kikubwa. Nyumba ile haikuachwa kwa sababu Wachagga walidanganywa na bati peke yake. Kahawa ilileta fedha, na chama cha ushirika, KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kiliuza zao hilo kwa niaba ya wakulima. Fedha ikataka kuonekana, na bati huonekana kutoka mbali. Vihamba viligawanywa kwa wana hadi vikawa vidogo. Miti ya msituni haikupatikana tena kwa urahisi, na mwaka 2005 msitu wa asili wa mlima ukaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Moshi uliohifadhi paa uliumiza pia macho na vifua, na walioumia zaidi ni wanawake waliokaa jikoni. Kuezeka upya kulihitaji ujima wa majirani, ilhali majirani wamekwenda Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam kutafuta maisha. Leo msonge husimama Marangu kama kumbusho ambalo watalii hulipa kiingilio kulitazama.

Kwa hiyo mwanafunzi anayechora nyumba ya majani na udongo kwa ajili ya mwanamke wa mteremkoni, ilhali mwalimu wake, jaji wake na mzazi wake wote wanalala chini ya zege, anapaswa kuulizwa swali moja kabla ya mengine yote: je, wewe ungelala humo? Swali hili si la ukaidi. Udongo ukisifiwa kwa ajili ya maskini tu, sifa hiyo ni njia nyingine ya kuwaambia wabaki walipo. Mwenye ukuta wa fito Kiboriloni huomba radhi kwa sababu amekwisha kuisikia hukumu hiyo. Kumletea mchoro wenye tuzo hakuiondoi.

Ipo mifano inayoonyesha njia nyingine. Diébédo Francis Kéré, mwana wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, alikuwa bado mwanafunzi wa usanifu Berlin alipobuni shule ya msingi ya kijiji chake. Hakungoja shindano: yeye na wenzake walianzisha mfuko mwaka 1998, wakachangisha fedha, na shule ikakamilika mwaka 2001. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo ulioongezwa saruji kidogo. Paa lilikuwa la bati, ila liliinuliwa juu ya dari ya udongo ili hewa ipite katikati na joto litoke. Wanakijiji waliushuku udongo, kwa kuwa walikwisha kuziona nyumba zao zikibomolewa na mvua, na ilibidi washawishike kwa kujenga wenyewe na kuona. Jengo hilo lilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker. Tazama kwamba hakulitukana bati. Alilipa kazi linayoiweza, na udongo akaupa yake.

Moshi kwenyewe upo mfano ulio karibu. Wasanifu watatu wa Finland, Saija Hollmén, Jenni Reuter na Helena Sandman, walianza kazi yao ya Afrika kwa mradi wa masomo ambao ulizaa kituo cha wanawake cha Rufisque, Senegal, kilichofunguliwa mwaka 2001. Baadaye walisanifu nyumba ya hifadhi ya wanawake kwa ajili ya shirika la KWIECO mjini Moshi, iliyokamilika mwaka 2015. Funzo la safari hiyo si umbo la jengo lolote, bali urefu wa muda. Zoezi la darasani lilihitaji miaka, washirika wa mahali, na subira ya kurudi tena na tena, ndipo likawa nyumba ambamo mwanamke aliyekimbia mapigo anaweza kufunga mlango.

Muda ndio jaji ambaye mashindano hayajamwalika. Pwani tulimwona akitoa hukumu tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilipoporomoka na kuua watu wawili. Jiwe na chokaa huishi iwapo maji yanazuiliwa juu na kuta zinaachwa zipumue. Paa likivuja, au ukuta ukifunikwa kwa lipu ya saruji isiyopitisha unyevu, jengo hufa kwa ndani huku uso wake ukiwa mzuri. Basi kifaa hakiishi peke yake. Huishi kwa fundi anayekijua, na kwa mwenye nyumba anayekumbuka kumwita.

Soko la Kiboriloni kwa miaka mingi limehusishwa na mitumba. Nguo iliyoshonwa kwa kiwiliwili kingine hufika huko, hupelekwa kwa fundi cherehani, ikapunguzwa mabega, ikapindwa, na ikawa nguo ya mwenyewe hasa. Mashindano ya vifaa nayo ni ya kupokewa hivyo: yasikataliwe kwa ugeni wake, wala yasivaliwe yalivyo. Chuo Kikuu Ardhi, na vyuo vingine vya usanifu vya Afrika Mashariki, vinaweza kuyapunguza mabega. Badala ya picha kumi, shindano lidai ukuta mmoja wa kimo cha mtu, uliojengwa na mwanafunzi pamoja na fundi mwashi wa hapo hapo, kwa udongo wa hapo hapo. Ukuta huo uachwe nje upigwe na masika, kisha vuli, kisha masika tena. Gharama zake ziandikwe kwa shilingi, na siku za kazi zihesabiwe. Na katika jopo la majaji awemo mama mmoja wa Kiboriloni mwenye nyumba, mwenye sauti sawa na ya profesa, naye aulizwe kama ukuta ule angeuonyesha kwa mgeni bila kuomba radhi.

Huenda washindi wakawa wachache, na picha zao zikawa za tope. Lakini shairi halijulikani kwa mwandiko. Hujulikana linapoghaniwa mbele ya wanaolijua. Ukuta nao hughaniwa na mvua, na watu wa mteremko ule, wenye masika yao, hawajapungukiwa na waghani.