Guillaume Budé na Uzani wa Istilahi

Wapo wanaodhani kwamba kazi ya istilahi ni kutafuta neno lililo sawa na neno. Kitabu kiitwacho "De asse", alichokitoa mwanachuoni Mfaransa Guillaume Budé mwaka 1515, chatuonyesha upungufu wa dhana hiyo.

Budé alizaliwa Paris mwaka 1468, akasomea sheria Orléans, kisha akajitia kwa bidii katika Kilatini na Kigiriki. Mwaka 1508 alitoa maelezo juu ya Pandekta, mkusanyo mkuu wa sheria za Kirumi, akiwashutumu wafafanuzi waliomtangulia kwa kueleza maneno pasipo kuijua lugha na desturi zilizoyazaa. Mwaka 1522 Mfalme François wa Kwanza alimfanya msimamizi wa maktaba yake. Kwa kusihiwa na Budé, mwaka 1530 mfalme aliwaweka wahadhiri wa Kigiriki na Kiebrania, na huo ndio mwanzo wa chuo kiitwacho leo Collège de France.

"De asse" yahusu fedha na vipimo vya Warumi. Ugumu wake si mdogo. "Sestertius" ilikuwa sarafu moja. "Sestertium" ilikuwa sarafu elfu. Aidha, waandishi wa Kirumi walizoea kuliacha neno la laki: waliposema "mara kumi", walikusudia laki kumi, yaani 1,000,000. Mfasiri asiyeijua desturi hiyo aliweza kumfanya tajiri kuwa fukara kwa silabi moja. Budé hakuridhika na kulinganisha vitabu tu. Alizipima sarafu za kale zenyewe, kisha akazigeuza hesabu za Warumi kuwa fedha ya Ufaransa ya siku zake. Kwake, kitu kilitangulia na jina likafuata.

Hata hivyo, kitabu hiki hakikosi dosari. Kwanza, mwandishi hupotoka mara kwa mara kuingia katika siasa na falsafa, hata msomaji anayetafuta thamani ya neno moja huchoka njiani. Pili, kiliandikwa kwa Kilatini, lugha ambayo wafanyabiashara wengi walioshika fedha kila siku hawakuisoma. Muhtasari wa Kifaransa ulitoka mwaka 1522, lakini sehemu kubwa ya elimu yake ilibaki imefungiwa. Amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539 ilipotaka hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa, Budé alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa maisha yake.

Dosari ya tatu yatuhusu zaidi. Fedha aliyoitumia kama kipimo imekwisha kutoweka, na sasa nayo yahitaji kuelezwa. Kisawe kilichofungwa na wakati huzeeka pamoja na wakati huo. Kilichodumu ni njia yake ya uchunguzi.

Basi mfasiri akutanapo na pishi au frasila katika hati ya zamani asikimbilie kuandika kilo. Na alibakize neno la asili, aeleze lilipima nini, mahali gani na zama zipi, ndipo aweke kando yake kipimo cha leo. Kilo peke yake itamtosha msomaji wa leo. Maelezo yatamfaa na yule wa kesho.